Pongezi kwa wapiga picha wa kalamu za mpingo

Kalamu ya mpingo ni mtihani kwa kamera. Mbao yenyewe inakaribia weusi, tena imeng'arishwa mpaka inaakisi kila taa. Ukiimulika moja kwa moja unapata mchirizi mweupe tu, na mistari ya mbao inapotea. Mpiga picha hodari hutandaza kitambaa cheupe mbele ya taa, akaisogeza ubavuni, ndipo ukahawia uliojificha ndani ya weusi unapojitokeza. Wapo wanaosema huko ni kumpamba bibi harusi ili mteja adanganyike. Sikubali. Anayenunua kwa mbali hawezi kuipapasa, na picha mbovu ndiyo inayomdanganya, kwani inamwonyesha plastiki. Udanganyifu ni kuufuta ufa kwa kompyuta, na hilo fundi wa kweli halifanyi.