Kiwavi Atoke Mzima

Mwezi wa Mei ukifika, shule nyingi za Dolpo, magharibi mwa Nepal, hufungwa. Watoto hupanda na wazazi wao hadi malisho yaliyo juu ya mita 4,000, na huko hawaendi kubeba mizigo tu. Macho yao makali ndiyo yanayotegemewa.

Kinachosakwa ni kijiti cha kahawia, kimechomoza sentimita mbili tatu katikati ya majani makavu ya rangi ileile. Watibeti hukiita yartsa gunbu. Chini yake yumo kiwavi wa nondo, aliyekuwa akila mizizi ardhini mpaka kuvu ikamwingia, ikamla ndani kwa ndani ikamwachia ngozi, kisha ikachipua kichwani mwake.

Msakaji stadi hatembei wima. Hutambaa kwa magoti na viwiko, uso karibu ugusane na majani, hata kama theluji bado haijayeyuka yote. Akikiona kijiti hakivuti, maana kukivuta ni kukivunja, na kilichovunjika hushuka bei. Hupiga jembe dogo pembeni kidogo, akainua bonge zima la udongo, akalimegua polepole kwa vidole hadi kiwavi atoke na kijiti chake. Mwenye adabu hulirudisha bonge shimoni na kulishindilia. Jioni, kambini, mswaki wa meno huondoa udongo uliogandamana na ngozi. Kazi hii ya mswaki naistaajabia kuliko zote: ukizidisha nguvu kidogo tu, shingo imekatika.

Tena kuna suala la wakati. Kijiti kikirefuka huonekana kirahisi, lakini hapo kiwavi amekwisha kuwa laini na mtupu. Soko linataka kigumu, chenye kijiti kifupi, yaani kile ambacho bado hakijamwaga mbegu zake. Si ajabu kwamba mwaka 2020 kuvu hii iliingizwa katika orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya viumbe vilivyo hatarini.

Kuvu hii hununuliwa kama dawa. Tabibu wa Tibet, Zurkhar Nyamnyi Dorje, aliisifu katika karne ya 15 kwa kuongeza nguvu za kiume. Wachina huipa kazi ya mapafu na figo, na huipika pamoja na bata kwa mgonjwa anayeinuka kitandani. Mwaka 1993 kocha wa China, Ma Junren, alidai ndiyo iliyowapa kasi wakimbiaji wake wa kike walioshinda katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Stuttgart, lakini wengi hawakumwamini. Ushahidi wa maabara bado ni mwembamba, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ilionya kuhusu aseniki ndani yake. Mimi dawa yenyewe siiapii.

Mnunuzi naye ana ufundi wake. Hukagua kwanza pale kijiti kinapokutana na kichwa, kwa sababu wapo wanaounga vilivyovunjika kwa kijipande cha mti, na wengine huchomeka waya ndani ili uzito uongezeke.