Mgeni na Mwenyeji: Uhakiki wa Uhamishikaji wa Mtandao katika Kiigizi cha UAE

UAE, programu iliyoanzishwa na Bernd Schmidt, huigiza Amiga, kompyuta yenye kichakato cha Motorola 68000. Ili programu za Amiga zifike kwenye intaneti, ilibuniwa njia ya mkato: wito unaoelekezwa kwenye bsdsocket.library hunaswa na kukabidhiwa soketi za mfumo mwenyeji. Njia hii ni nyepesi, na sifa zake ni za haki. Udhaifu wake hujitokeza inapohamishwa kutoka Windows kwenda Linux.

Mfano ulio wazi ni namba za makosa. Soketi isiyo na data tayari hujibu 35 katika mapokeo ya BSD, ambayo Amiga huyafuata. Linux hujibu 11, na Winsock 10035. Jibu la 11 likipitishwa bila kufasiriwa, programu ya Amiga haitajua kwamba inatakiwa kusubiri tu, kwa kuwa katika BSD namba hiyo ina maana ya mkwamo wa kufuli.

Mpangilio wa baiti ni mtego mwingine. Lango 80 likigeuzwa isivyostahili huwa 20480. Kosa hili halionekani mwenyeji anapokuwa PowerPC yenye mpangilio uleule wa 68000. Hivyo jaribio lililofaulu huko halithibitishi lolote kuhusu kompyuta za Intel.

Tatizo zito zaidi ni kusubiri. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akiomba data isiyofika, mwenyeji ndiye anayeganda, na Amiga nzima pamoja naye. Toleo la Windows lilitegemea ujumbe wa dirisha kupitia WSAAsyncSelect, huduma isiyokuwapo Unix, ambako ilibidi kutumia nyuzi za utekelezaji. Sehemu hiyo, kwa hakika, haikuhamishwa, iliandikwa upya.

Wapo wanaodai kwamba kuigiza kadi ya mtandao kungemaliza yote. Hoja hiyo ina uzito: mgeni hubeba itifaki zake mwenyewe, na namba za makosa hazivuki mpaka. Lakini inasahau mtumiaji. Tuchukulie darasa la kompyuta Bumbuli, katika Usambara Magharibi, lenye mashine za Windows na Linux zilizochanganyika, na mwanafunzi asiye na nywila ya msimamizi. Kuunganisha kadi hiyo kwa TAP kwa kawaida hudai mamlaka ambayo hana. Slirp, inayotumiwa na QEMU, haidai mamlaka hayo: humpa mgeni anwani 10.0.2.15 na kumpitisha kwa soketi za kawaida za mwenyeji. Maana yake ni kwamba kazi ileile ya kufasiri baina ya Windows na Unix inarudi, safari hii ndani ya Slirp. Tena mwanafunzi akijaribu ping, mara nyingi hapati jibu, ingawa kurasa za wavuti zinafunguka.