Fundi wa vitenzi wa Timbwani

Kazi huanza na gazeti kuukuu. Mwalimu hulipata kwenye kibanda cha mahamri kabla halijafungiwa kitu, akalitandaza mezani barazani kwake, Timbwani, Likoni. Mezani pia kuna kalamu nyekundu, kalamu ya buluu, makasi, gundi, na safu ya makopo ya maziwa ya unga yaliyooshwa yakakauka. Amestaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini jioni baraza yake hujaa: vijana wanaotafuta kazi za hoteli kule Diani, wasichana wanaojiandaa kwa mtihani wa KCSE, na dereva mmoja wa tuktuk anayependa tu kujua. Anachowafundisha kwa subira kuliko chochote ni kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopita, na kihusishi, kile kineno kinachokifuata nyuma.

Kwanza huisoma habari yote bila kugusa kalamu. Kisha hurudi juu na kupiga mstari mwekundu chini ya kila kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka: "arrived", "fell", "was charged", "ran". Mara ya tatu hushika kalamu ya buluu na kufuata mkia wa kila kimoja. Mstari wa buluu haukomei kwenye kihusishi, huendelea mpaka nomino, kwa sababu nomino nayo ina kauli: aliyefika kivukoni "arrived at the ferry", aliyefika Mombasa "arrived in Mombasa". Mwanafunzi akikariri "arrived at" peke yake amebeba nusu ya mzigo.

Ndipo makasi yanapoingia. Hukata sentensi nzima, hata iwe ndefu, akaibandika kwenye kipande cha jalada la daftari, na nyuma yake akaandika tarehe ya gazeti. Kila kopo ni la kitenzi kimoja. Hakuna kopo la "at" wala la "on", na nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba kihusishi ukikiuliza maana yake hakikujibu, lakini kitenzi ukikiuliza huwa kinaandamana na nani, kitakutajia wote.

Kopo likishashiba, hulimwaga. Siku moja nilimtazama akimwaga la "died". Vidole vyake vilipanga vikaratasi mafungu mafungu, taratibu kama mtu anayechagua mchele: "died of malaria", "died in an accident", "died at the hospital", "died on Sunday". Halafu akayasogeza mafungu yakawa mawili makubwa. Upande mmoja aliweka kile ambacho kitenzi chenyewe kinakidai, na upande wa pili mahali na siku, vitu ambavyo kitenzi chochote kinaweza kuvipokea. Kipimo chake ni chepesi: anajaribu kuuhamishia mkia mwanzoni mwa sentensi. "On Sunday" huhama bila taabu. "Of malaria" hukataa, ukilazimisha sentensi inalia. Kwa "depended on his uncle" huenda mbali zaidi, akaufunika mkia wote kwa kidole, na wanafunzi wanaona wenyewe kwamba kilichobaki hakisimami.

Kwa mahali na siku ana sentensi moja anayoiandika ubaoni polepole, na hakuna anayezungumza anapoiandika: "The ferry capsized at Mtongwe on 29 April 1994". Watu 272 walikufa siku ile, na Likoni hapahitajiki maelezo. Anaonyesha mpangilio tu: mahali hutangulia na "at", siku hufuata na "on". Kisha anafuta "29 April" na kumpa mtoto chaki, naye anaibadilisha "on" kuwa "in", maana sasa umebaki mwaka.

Lakini ustadi wake mkubwa nauona pale Kiswahili kinapoingia. Huandika sentensi tano: alikatwa kwa kisu, alikwenda kwa miguu, alikufa kwa malaria, alikaa kwa mjomba, aliondoka kwa haraka. "Kwa" ni ileile moja, inafanya kazi zote bila kulalamika. Kiingereza kinataka "with a knife", "on foot", "of malaria", "at his uncle's", "in a hurry". Hapo vijana huguna. Yeye hawaambii kwamba Kiingereza ni kigumu. Anawarudisha kwenye lugha yao: alihama Likoni, alihamia Likoni. Irabu moja tu, na safari imegeuka: "moved from" imekuwa "moved to". Alikimbia, alikimbilia. Alimwandikia mamake. Kijana akisema "he wrote his letter his mother", mwalimu huuliza, "Mwanangu, ile i yako umeiacha wapi? Itafute nje ya kitenzi." Kijana anafikiri kidogo, kisha anasema "to". Sijaona somo la sarufi lililo safi kuliko hilo.

Kivuko nacho ni darasa. Feri ni "got on", kwa kuwa ni chombo unachotembea ndani yake umesimama. Tuktuk ni "got into", kwa kuwa unainama na kuketi. Bodaboda inarudi kwenye "on", maana unaikalia juu. Matatu ina vikaratasi vyake vya Kikenya, "boarded" na "alighted from", ambavyo anavitunza vyote.

Mwishoni huweka makasi chini na kusoma kwa sauti. Katika "looked at", ile "-ed" hutamkwa t ikaungana na "at", na sikio linaipata. Katika "walked to", t inakutana na t nyingine, zinamezana, na mwanafunzi anaandika "walk to" akiamini ndivyo alivyosikia. Mwalimu huirudia mara nyingi, akikaza pale t inaposhikiliwa kidogo kabla ya kuachiliwa, mpaka nyuso zibadilike.

Kopo moja tu lina vitenzi zaidi ya kimoja, nalo lina mfuniko. Ndani mna "requested for" na "discussed about", zilizokatwa kwenye magazeti yetu wenyewe. Mwalimu hazicheki. Anaeleza zilikotoka: nomino "a request" huandamana na "for", kitenzi kikairithi. "Yanasemwa," huwaambia, "lakini kwenye mtihani yatakukatia maksi."

Njia hii ina wazee wake. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitoa na wenzake kamusi mjini Tokyo mwaka 1942 iliyoonyesha kila kitenzi kinajengewa sentensi ya namna gani. Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948, na vizazi vyake vimo katika mikoba ya wanafunzi wa Kenya hadi leo. Mwaka 1987 John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham alitoa kamusi iliyotokana na mamilioni ya maneno ya matumizi halisi yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Miaka ya 1990 Josef Schmied, Mjerumani, alikusanya kwa njia hiyohiyo Kiingereza cha Kenya na Tanzania. Makopo ya Timbwani hayafikii wingi huo hata kidogo, lakini kila kikaratasi kimesomwa mara tatu na mtu mmoja, kikakatwa kwa mkono wake, na anaweza kukuambia kwa nini kipo katika fungu lile na si jingine.

Anachokosa ni magazeti tu. Siku hizi watu wengi husoma habari kwenye simu, na hata wauza mahamri wanayagombania yaliyobaki. Aliye na rundo la magazeti ya zamani nyumbani, Likoni au ng'ambo kisiwani, asiyachome. Kila mtaa una mwalimu wa lugha: ampelekee.