Moringa "inaongeza kinga"? Turudilie hitimisho zetu

Bandugu, karibu kila TFC juu ya majani ya moringa inaishia na sentensi moja: "majani haya yanaongeza kinga ya mwili." Nimesoma nyingi, za wenzetu na za inchi zingine. Kazi ya labo mara nyingi ni nzuri. Ile sentensi njo haifuate matokeo.

Angalieni namna jaribio linafanyika. Wanaloweka majani ndani ya maji ao alkoli, wanachuja. Wanachukua makrofaji, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu. Mara nyingi ni RAW 264.7, iliyotoka kwa panya mwenye kansa na inayojulikana tangu 1978. Wanaziamsha na lipopolisakaridi, ni kusema kipande cha ukuta wa bakteria, kisha wanatia mchujo wa majani na kupima oksidi ya nitriki, moja ya silaha za seli. Mara nyingi inashuka. Basi mchujo umetuliza seli! Kwa mwenye kuvimba viungo inaweza kuwa habari njema. Lakini utaandika namna gani "inaongeza" wakati grafiki yako mwenyewe inateremka?

Wengine wanafanya kinyume: seli hazikuamshwa, na mchujo unaziamsha. Hapa, sisi watu wa agro, tuulize kwanza majani yalianikwa wapi. Kama ni chini pembeni ya barabara, yamebeba bakteria. Na lipopolisakaridi haiishe kwa kuchemsha, tena inapita kwenye filta ya mikroni 0,22. Nani aliamsha seli: moringa ao uchafu? Kuna kipimo cha endotoksini cha kujibu hilo, ila ndani ya TFC zetu sikioni. Umri wa jani, majira, udongo, hata navyo vinarukwa. (Sisi wenyewe, watu wa udongo!)

Halafu dozi. Mikrogramu 100 kwa mililita zinamwagwa moja kwa moja juu ya seli. Kwa mtu, jani linapita tumbo na ini kwanza. Kwersetini, ambayo moringa iko nayo nyingi, inageuzwa njiani, na ile inayofika katika damu haifanane tena na ya kwenye chupa.

Na ile sentensi haibaki maktaba. Inatoka, inabandikwa kwenye pakiti ya unga sokoni. Mgonjwa anayemeza ARV anasoma "kinga", anafikiri ni ile ile daktari anamuhesabia kwa CD4. Makrofaji ya panya na CD4 ya mtu ni seli mbili tofauti. Siku akiacha vidonge juu ya ule unga, virusi vitapanda.

Mimi ningeandika hivi: "Kwa mikrogramu 100 kwa mililita, mchujo ulipunguza oksidi ya nitriki katika RAW 264.7 zilizoamshwa." Juri ikisema ni fupi sana, muwaonyeshe grafiki.