Neno «Kuotea» na Lugha ya Uamuzi wa Mpira

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatoa katika ghala yake yenyewe kwa ajili ya mpira wa miguu, ni machache yaliyoenea kama neno kuotea, na pengine hapana lililozusha ubishi kama hilo. Maneno mengi ya mchezo huu yalipokelewa kama yalivyokuja, yakabadilishwa sauti tu: goli, kona, penalti, refa, rafu. Maneno ya namna hiyo hayana historia ndani ya lugha, wala hayamkumbushi msikilizaji jambo lingine. Kuotea si hivyo. Lilikuwa na kazi yake kabla mpira haujafika pwani, nalo halikuiacha kazi hiyo lilipoingia uwanjani.

Kazi yenyewe yafahamika vema katika nchi kama Madimba, kwenye pwani ya Mtwara upande wa kuelekea mlango wa Mto Ruvuma. Leo jina la Madimba limejulikana nchini kwa sababu ya kiwanda cha kusafishia gesi kilichofunguliwa mwaka 2015, lakini wenyeji wa pwani ile ni watu wa mashamba na wa bahari, na kuotea kwao ni tendo la mwindaji. Aoteaye hujificha, hunyamaza, humngoja mwingine apite asipotazamia. Tendo hilo lina nia tangu mwanzo hata mwisho. Hapana mtu aoteaye kwa bahati mbaya. Basi kijana wa huko asikiapo mtangazaji akisema kwamba mshambuliaji ameotea, haambiwi habari ya mahali aliposimama mchezaji tu. Anaambiwa na tabia yake.

Sheria haisemi hivyo. Katika sheria 17 za mchezo, ile ya 11 haiulizi nia hata kidogo. Huuliza kwanza juu ya mahali: je, wakati mwenzake alipoupiga mpira, mchezaji huyu alikuwa katika nusu ya wapinzani, karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho? Kisha huuliza jambo la pili, ambalo watu wengi hulisahau: je, akiwa mahali pale, aliuingilia mchezo, au alimzuia mpinzani, au alijipatia faida? Likikosekana hilo la pili, hapana kosa. Sheria yasema wazi kwamba kuwa mahali pale peke yake si kosa. Wala hapana kosa mpira upokewapo moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurushwa, wa kona, au wa goli.

Hapa ndipo penye upungufu wa matumizi yetu. Neno moja limebebeshwa mambo mawili ambayo sheria imeyatenga. Watangazaji na waandishi wa magazeti husema «alikuwa ameotea» kwa mchezaji aliyesimama tu pembeni, na husema vilevile kwa yule aliyeupokea mpira na kufunga. Mtazamaji aliyelelewa na lugha hiyo akiona kibendera hakikunyanyuliwa kwa yule wa kwanza, atadhani mwamuzi amehongwa. Ugomvi mwingi wa viwanjani ambao huhesabiwa kuwa utovu wa adabu ni ugomvi wa msamiati. Mshabiki ameijua sheria kwa neno, na neno limemdanganya.

Tena sheria yenyewe haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1925 idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa mbele ya mshambuliaji ilipunguzwa kutoka watatu hata wawili. Mwaka 1990 aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho akahesabiwa kuwa salama. Kila badiliko lilimpa mshambuliaji nafasi zaidi. Neno letu lilibaki lilivyo, likimshitaki kama mwanzo.

Na kuna kinyume kimoja kinachostahili kuangaliwa. Mabeki wanaposonga mbele kwa pamoja ili wamwache mshambuliaji nyuma yao, Kiswahili husema wameweka «mtego wa kuotea». Kwa kweli hao ndio waoteao kwa maana ya asili: wamekubaliana, wamengoja, wamenasa. Aliyenaswa ndiye anayeitwa mwoteaji. Mwindaji hangekubali hesabu hiyo.

Ulinganisho na mpira wa Marekani wafaa hapa, kwa kuwa mchezo ule nao una kosa lenye jina lile lile la Kiingereza. Daniel Adongo wa Kenya, aliyetoka katika raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, alilikuta jina hilo tena likiwa na maana nyingine. Huko timu mbili hupangana pande mbili za mstari, na mlinzi aliyeuvuka mstari huo wakati mpira unapoanzishwa ndiye mkosaji. Timu yake hurudishwa nyuma yadi 5. Lakini akivuka kisha akarudi kabla mpira haujaanzishwa, bila kumgusa mtu, husamehewa. Mfasiri akichukua kamusi na kuandika kwamba mlinzi huyo «ameotea» atakuwa amesema uongo mtupu. Kosa lake ni kushindwa kungoja, nalo Kiswahili chake ni kuwahi. Jina moja la Kiingereza lataka vitenzi viwili vyetu, ambavyo karibu vinapingana. Hali kadhalika «penalti»: huko ni adhabu ya kosa lolote, kwetu ni pigo moja tu la karibu na goli, lililowekwa katika sheria mwaka 1891, na mengine yote tumeyaita «mpira wa adhabu».

Je, kuotea litupwe, tuchukue «ofsaidi»? Wapo wapendao hivyo, kwa hoja kwamba neno la kigeni halina lawama. Hoja hiyo ni dhaifu. Neno lisilo na lawama halina mwanga pia, na mwanafunzi wa uamuzi atalikariri asilifahamu. Tena ikiwa lawama ndiyo kasoro, kuotea haliko peke yake. Mchezaji aliyeugusa mpira kwa mkono tunasema «ameunawa», kana kwamba alisimama penye birika akanawa kwa raha yake. Na aliyemwangusha mwenzake «amemfanyia madhambi», neno la msikitini na kanisani. Kunawa, walakini, lina bahati: sheria ya mkono bado huangalia makusudi katika sehemu yake kubwa, hata baada ya mwaka 2019 ilipokataza goli la mfungaji aliyeugusa mpira kwa mkono bila kukusudia. Hapo kitenzi na sheria vyakaribiana. Kwa kuotea vimeachana.

Dawa imo katika sarufi yenyewe. «Mahali pa kuotea» ni jina la nafasi. «Kuotea» ni jina la kosa. Haja ya tofauti hiyo yaongezeka. Waamuzi wa mpira wa Marekani huwatangazia watazamaji uamuzi wao kwa maikrofoni tangu mwaka 1975, na katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 waamuzi wa mpira wa miguu nao walieleza kwa sauti uamuzi uliotazamwa upya kwenye video. Siku mwamuzi atakapotakiwa kunena hivyo kwa Kiswahili, maneno haya yatamtosha: «Mchezaji namba 9 alikuwa mahali pa kuotea, lakini hakuotea. Goli ni halali.»

Viwanja vya mchanga vya pwani ya Ruvuma havina video wala maikrofoni. Huko mshika kibendera huamua kwa macho yake, na watazamaji, waliosimama hatua mbili nyuma yake, huwa wamekwisha kulitamka neno kabla mkono wake haujainuka.