Mtoto anayejua kitekli asijue upawa

MTIHANI wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985, ulifika kikomo mwaka wa 2023. Mtihani umekwenda zake, ila zao lake moja lingali hai madarasani: orodha ya msamiati. Vikembe, makundi, malipo na tashbihi bado vinaandikwa ubaoni. Wanafunzi wananakili, wanakariri, kesho yake wanaulizwa. Mwalimu mwenye bidii huhesabu maneno aliyoyafunza. Swali langu ni hili: mtoto ameyafanyia nini maneno hayo?

Chukua vikembe. Mwanafunzi wa gredi ya tano atakwambia bila kusita kwamba mtoto wa farasi ni kitekli, wa punda ni kihongwe na wa mbwa ni kilebu. Vyema. Hebu sasa mwulize kifaa anachopakulia mama mchuzi kinaitwaje. "Si ni ile kijiko kubwa ya supu?" Upawa haumo katika orodha yake. Farasi huenda hajamwona ila pichani. Upawa anaushika kila jioni.

Isitoshe, orodha hupenda nomino na kuvisahau vitenzi. Jikoni sufuria hutelekwa na kuepuliwa, ugali husongwa, chai hukorogwa, nazi hukunwa, unga hukandwa. Mtoto aliyefunzwa kitenzi pamoja na nomino yake hatasema "kupika" kwa kila kitu. Neno lina wenzake linaotembea nao, na asiyewajua wenzake hajalijua neno.

Sina ugomvi na kukariri. Vitendawili tulivirithi kwa kuvikariri. Hata hivyo, kitendawili hakikuorodheshwa. Kilitegwa, kikabahatishwa, mji ukatolewa, watu wakacheka. Neno geni liliingia akilini likiwa limebebwa na shughuli, nalo lilirudi jioni baada ya jioni. Sisi tumeuchukua ukariri, shughuli yenyewe tukaiacha.

Matokeo yake yanaonekana katika insha. Nimesoma insha nyingi za watoto ambamo jogoo anawika alfajiri, ilhali mwandishi anaishi ghorofa ya sita mtaani Pipeline, Nairobi, ambako kinachomwamsha ni honi za matatu. Jogoo yule ni pambo lililokaririwa ili kuvuta alama. Kwa nini mtoto asituandikie honi, makanga na foleni ya maji? Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hayo nayo ni msamiati.

Kiswahili chenyewe kimeturahisishia kazi. Mzizi mmoja huzaa ukoo mzima. Kutokana na funga tunapata kifungo, mfungwa na mfungo. Tukigeuza tunapata fungua, kisha ufunguo. Mtoto akionyeshwa ukoo huu mara moja, atakisia maana ya maneno asiyowahi kufunzwa. Orodha humpa samaki sita. Mzizi humpa nyavu.

Mtaala wa Umilisi umepanga masomo kwa mada kama vile usafi na sokoni, na hiyo ni hatua njema. Lakini mada ikigeuzwa kuwa orodha ya maneno kumi chini ya kichwa "sokoni", tumebadilisha jina tu. Maneno matano kwa wiki yanatosha, mradi mtoto ayasikie katika hadithi, ayaulize, ayatungie sentensi zake, ayatumie katika igizo la mnunuzi na mchuuzi, kisha akutane nayo tena baada ya majuma mawili. Najua baadhi ya madarasa yana watoto sitini na zaidi. Igizo la wawili wawili halihitaji pesa. Linahitaji mwalimu kuvumilia kelele.

Kuna jambo zito kuliko alama hapa. Mtoto mgonjwa akiulizwa na daktari, hujibu, "tumbo inauma", basi. Je, linanyonga, linachoma au limevimbiwa? Kichwa kinawanga au ni kizito? Koo linakereketa? Daktari anayahitaji maneno hayo ili amtibu, na mtoto hana, ingawa amepata alama zote za vikembe.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika orodha nyingine ubaoni, jiulize ni neno gani kati ya hayo mtoto atalihitaji leo kabla ya kulala. Anza na hilo. Kitekli atasubiri.