Adui Huyu Ametajwa na Nani?

Kati ya michezo inayopita mikononi mwa vijana wetu, mingi inamfundisha mtu kumshinda mwenzake. Drafti, bao na karata huisha mmoja akitamba na mwingine akidai marudiano. Ngoma zetu za Usukumani nazo zina mashindano yake: Bagika na Bagalu hucheza siku moja, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hakuna dhambi katika hilo. Lakini ukitokea mchezo ambao wote waliokaa mezani wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja, watu wa Kanisa tuna sababu ya kuutazama kwa makini. Ninaotaka kuupima hapa unaitwa The Lord of the Rings: Journeys in Middle-earth, uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Marekani iitwayo Fantasy Flight Games.

Kwao sanduku lake liliuzwa kwa karibu dola 100, na sisi tusingelinunua. Lilifika Bariadi na vijana wageni kutoka usharika rafiki wa ng'ambo, nao walipoondoka wakawaachia vijana wetu. Unachezwa na mtu mmoja hadi watano. Kila mmoja anachukua shujaa kutoka katika dunia aliyoibuni mwandishi J. R. R. Tolkien: yupo Aragorn, yupo Gimli, yupo Bilbo mfupi wa kimo. Kila shujaa ana karata zake, na kila anapojaribu jambo, iwe ni kupigana au kumtuliza mtu mwenye hofu, anafunua karata chache na kuhesabu alama za kufaulu.

Upande wa pili wa meza hakuna mtu. Kuna simu au tableti yenye programu ya mchezo. Programu ndiyo inayosimulia hadithi, inayosema kipande gani cha ramani kiwekwe, adui gani atokee na wapi, na amshambulie nani. Ina pia kipimo cha hatari kinachopanda kila mzunguko. Kikifika mwisho kabla kazi haijakamilika, wote wameshindwa.

Nianze na sifa, maana zipo. Lugha yetu inalijua jambo hili kabla ya mchezo huu. Kundi la waumini tunaliita usharika, chama cha wakulima wa pamba tunakiita ushirika, na kwenye Meza ya Bwana tunashiriki. Shina ni moja. Mezani hapa shujaa mmoja akiumia, wengine hawapati faida yoyote, kwa sababu akiangushwa kabisa kundi lote linaning'inia. Mwenye nguvu anamsubiri dhaifu, na mwenye karata nzuri anajitolea kwa ajili ya aliyeishiwa. Mafundisho ya Mtume Paulo juu ya viungo vya mwili mmoja, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 12, nimeyahubiri mara nyingi. Ni mara chache nimeona vijana wakiyatenda kwa saa tatu mfululizo bila kuambiwa.

Mzee wa Kisukuma akiutazama mchezo huu hataukumbuka uwanja wa mashindano. Ataikumbuka bugobogobo, ngoma ya majembe, watu wakilima kwa mstari huku ngoma ikiwapa mwendo. Shambani hushindani na wa kulia kwako. Mnashindana na magugu, na mvua inayokaribia ndiyo kipimo chenu cha hatari.

Sifa ya pili inahusu kushindwa. Hadithi yote haimaliziki jioni moja. Imegawanywa katika safari nyingi, na programu inakumbuka kilichotokea mpaka mtakapokutana tena. Mkishindwa safari moja, isipokuwa ile ya mwisho, hamrudishwi mwanzo wala hamfukuzwi. Hadithi inabeba jeraha lenu na mnaendelea nalo. Kijana aliyefeli kidato cha nne na kuambiwa maisha yameishia hapo anahitaji kuisikia hadithi ya namna hii mahali fulani, na afadhali aisikie kati ya wenzake.

Wapo watakaouliza kama mchungaji ana kazi gani na michezo. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekuwa mwalimu wa watoto wake na ambaye alisumbuliwa na huzuni nzito. Alimshauri aukimbie upweke, atafute wenzake, ataniane nao na kucheza. Aliliona jambo hilo kuwa silaha dhidi ya Ibilisi, ambaye hupenda kumkuta mtu akiwa peke yake.

Kasoro moja wapenzi wa michezo hii wanaijua duniani kote. Mchezaji mwenye uzoefu huanza kuwapangia wote: wewe nenda huku, wewe toa karata ile. Baada ya muda anacheza yeye tu, na wengine wanamsogezea sanamu. Mjumbe yeyote wa baraza la wazee la usharika ataitambua hali hiyo bila kuelezwa zaidi. Kanuni za mchezo hazina dawa yake. Dawa ni nidhamu ya wenyewe mezani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Programu ikisema adui ametokea nyuma ya kilima, wachezaji wanaweka sanamu yake mezani na kupanga jinsi ya kumuua. Hakuna anayeuliza kwa nini, wala hakuna kanuni ya kuuliza. Baadhi ya maadui ni viumbe vya kubuni vinavyoitwa orc, na mbwa-mwitu wakubwa. Lakini wengine ni binadamu, wahuni wa njiani, nao wanapigwa vivyo hivyo. Sauti isiyo na uso imetaja adui, na kutajwa kumetosha kuwa ushahidi.

Kwa mchezaji wa Ulaya hayo huenda yakaishia mezani. Kwa mtu wa Bariadi, Maswa, Meatu au Itilima hayawezi kuishia hapo. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Shinyanga hiyo, pamoja na Mwanza, ina historia ambayo hatuna budi kuisema kanisani: bibi wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko, moshi wa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Njia ya mauaji hayo tunaijua. Mtoto anaugua au ng'ombe wanakufa, familia inakwenda kwa mpiga ramli, ramli inamtaja jirani. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Ramli hizo tumezipa jina la ramli chonganishi, na jina hilo linasema kweli, kwa maana kazi yake ni kumfanya jirani kuwa adui bila kumpa nafasi ya kujibu.

Sisemi kwamba kijana akicheza mchezo huu atashika panga. Vijana wanajua tofauti ya sanamu ya plastiki na bibi yao. Ninachosema ni kwamba kucheza ni kujizoeza, na hapa tunajizoeza mambo mawili kwa wakati mmoja: kumpenda aliye upande wetu, na kutomuuliza chochote aliyetajwa kuwa upande wa pili. Watu waliokwenda usiku kwenye nyumba za wajane hawakukosa umoja. Walisaidiana na kutunziana siri. Umoja peke yake haujawahi kumfanya mtu kuwa mwema.

Ndugu wengine wanaupinga mchezo huu kwa sababu tofauti: wanasema una uchawi na mazimwi ndani yake. Naona wanalinda mlango ambao mwizi hakupitia. Uchawi wa kwenye karata hautaua mtu Simiyu. Kinachoua ni uhakika wa haraka kwamba fulani ni mchawi.

La kusikitisha ni kwamba hadithi yenyewe ya Tolkien inajua zaidi ya mchezo uliotokana nayo. Tolkien alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Katika kitabu chake cha awali, Bilbo yuko gizani na upanga mkononi, na mbele yake yupo Gollum, kiumbe mwovu asiye na silaha. Anaweza kumuua. Anamhurumia na kumwacha. Katika hadithi kubwa iliyofuata, ya mwaka 1954 na 1955, Frodo aliyebeba pete ya uovu anafika mwisho wa safari na kushindwa kuitupa. Ni Gollum yule aliyehurumiwa anayemnyang'anya pete na kuanguka nayo motoni. Ushujaa ulikuwa umeshagonga ukuta, na ni huruma ya zamani iliyofungua njia. Bilbo yumo katika sanduku letu kama shujaa wa kuchezwa, lakini kanuni za mapigano zinampa njia ya kupiga na njia ya kukimbia. Njia ya kusamehe hazimpi.

Nasema hivi nikijua kwamba ingewezekana vingine. Mwaka 2000 Reiner Knizia, Mjerumani mwenye shahada ya udaktari wa hisabati, alitoa mchezo wa ushirika juu ya hadithi hiyohiyo, bila programu yoyote. Mezani pana mstari, Sauron mwovu upande mmoja na wachezaji upande mwingine. Mchezaji akizidi kuharibika anasogea kuelekea kwa Sauron, naye Sauron anasogea kuelekea kwao. Uovu katika mchezo ule unapimwa kwa umbali kati yako na giza. Mlutheri aliyefundishwa kukiri dhambi zake kabla ya kuzitaja za jirani ataona kwamba mstari huo umechorwa mahali sahihi.

Hata hivyo sanduku letu lina kitu kimoja ambacho waliolitengeneza hawakukipanga. Programu haina Kiswahili. Lazima mmoja asome na kuwatafsiria wengine, na mkalimani, tofauti na simu, anaona nyuso za wanaomsikiliza. Jioni moja binti aliyekuwa akitafsiri alifika mahali wahuni walipotokea, akaacha kusoma, akauliza: hawa wana njaa, au wametumwa? Wakabishana. Wakaamua wazungumze nao kwanza. Programu haikuwa na kitufe cha jibu hilo. Basi wakawazunguka bila kuwapiga, kipimo cha hatari kikapanda, na safari ile wakashindwa. Kwa kuwa hadithi inaendelea hata kwa walioshindwa, wakaendelea.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mchezo huu ni hii. Unafundisha vizuri namna ya kuketi pamoja na unafundisha vibaya namna ya kumtambua adui. Viongozi wa vijana watakaoupata wauruhusu, ila wasiiachie simu neno la mwisho. Awepo msomaji wa kibinadamu, na kila mchezaji awe na haki ya kusimamisha mchezo na kuuliza adui huyu ametajwa na nani, na kwa ushahidi gani. Swali hilo litawachelewesha na pengine litawafanya washindwe. Lakini kijana aliyelizoea mezani, siku familia yake itakaporudi kutoka kwa mpiga ramli na jina la jirani, atakuwa na la kusema.